Gia za umeme za mashemeji wawili

Si betri. Najua hapo mlipokaa mmelificha hilo swali nyuma ya meno, basi nawajibu kabla halijatoka: si betri. Betri zilikuwa nzima, zimechajiwa saluni kwa Mama Jeni mpaka taa ikawa kijani, na mimi nimekaa pembeni nazilinda kama mayai ya kanga. Anayesema "Bibi alisahau kuchaji," mwambieni aje aniambie mwenyewe. Spana nimeacha, shabaha sijaacha.

Zawadi, simu inashika? Haya. Huyu Zawadi, ambaye sasa ndo anakaa kwenye benchi langu, kaniambia, "Bibi, wewe sema tu, mimi nitaandika, mafundi wadogo wapate kusoma." Mimi shule sikwenda. Shule ilikuwa kule, ng'ombe walikuwa huku, baba akachagua ng'ombe. Lakini kusema najua, na sauti za watu ninazo zote humu kifuani, kwa hiyo mkinisikia nimegeuka mwanaume katikati ya maneno msishtuke. Zawadi, na wewe usicheke, andika.

Kazi nilianzia hapa hapa stendi ya Kiomboi, na sikuja kutafuta kazi, nilikuja kuuza uji. Pembeni yangu alikuwa anakaa Mzee Mpinga, fundi baiskeli, mtu mrefu, mkavu kama kuni ya mgunga, na ugoro haumtoki puani. Kila neno lake lilipitia kwenye ugoro kwanza. Ananusa, anasubiri, anasema nusu, anapiga chafya, anamalizia. "Wewe... mama uji... njoo... HATSHIA!... na kikombe." Mteja akiuliza baiskeli yangu itakuwa tayari lini, kabla jibu halijafika tayari imekuwa tayari.

Siku hiyo aliniona nainua sufuria ya uji jikoni bila kitambaa. Akaniangalia. Akanusa. "Vidole vyako... havisikii moto?" Nikamwambia vinasikia, ila mimi sivisikilizi. Akapiga chafya, akasema, "Basi wewe... ni fundi." Ndo mtihani wangu wote huo. Nyie mnakwenda chuo mnapewa karatasi, mimi nilipasi kwa sufuria.

Akanipa gurudumu la katekista. Katekista alikuwa na ibada kijiji cha mbali, kasimama pale kavaa shati jeupe, kila dakika anaangalia jua. Mzee Mpinga akaniambia nifungue katikati ya gurudumu, nitoe gololi, nizioshe kwa mafuta ya taa, nizirudishe na grisi mpya. Nikazitoa vizuri, nikaziweka kwenye kifuniko cha kopo hapo chini. Sasa nyie mnaijua Singida na kuku wake. Akapita tetea wa mama ntilie, akainamisha kichwa upande, akaona kitu kinang'aa, akameza. Moja tu. Akaondoka zake kwa maringo kama mtu aliyetoka kulipwa.

Mimi nikapiga yowe. Katekista akapiga yowe. Mzee Mpinga akanusa ugoro. "Mfungeni... huyo kuku."

Tukamfunga mguu kwenye benchi, tukamletea pumba na maji, tukakaa tunamtazama. Katekista akasema, kwa ile sauti ya kanisani, "Mzee wangu, waumini wananingoja." Mzee akamjibu, "Basi... muombee kuku." Na kweli nilimwona midomo inacheza. Jua likapanda, likageuka, kuku akaamua. Nikaiosha gololi, nikaitia grisi, nikaifunga. Katekista aliiendesha ile baiskeli mpaka nywele zikawa nyeupe kuliko shati, na kila akipita hapa mimi nalia, "Kokoko kooo!" na yeye anajifanya anaangalia mawingu. Kwa hiyo wadogo zangu, somo la kwanza: kifuniko cha gololi nacho kifunikwe.

Vifaa vya Mzee Mpinga vilienea kwenye beseni moja. Spana, koleo, tupa, solusheni ya viraka, na bisibisi aliyoichonga mwenyewe kwenye spoku, nyembamba, inaingia mahali ambapo bisibisi ya dukani inabisha hodi tu. Beseni lenyewe ndo kifaa kikubwa. Ukijaza maji, tyubu iliyotoboka itakuambia yenyewe, blub blub, hapa hapa mama. Na kabla ya beseni kuna shavu. Pitisha tyubu karibu na shavu, upepo utakugusa. Nawaona nyie mnamimina sabuni juu ya tairi kama mnaogesha mtoto. Shavu mmepewa la nini?

Kunyoosha rimu alinifundisha nikiwa nimefumba macho. "Weka ukucha... karibu na rimu... zungusha... sikia." Gurudumu linazunguka, chwi, kimya, chwi, kimya. "Panaposema chwi... pamenuna." Ila usikaze spoku moja ukaondoka, maana ya upande wa pili nayo italalamika. Kaza hii, legeza ile, rudi sikiliza. Alikuwa anasema ni kama wake wawili. Yeye alikuwa nao watatu, ndo maana alikuwa anashinda stendi.

Basi nikapata wateja wangu. Nimewaona wa kila aina. Kuna bwana mmoja alikuwa anafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, akaona grisi ya nini na mimi naoga mafuta? Akamwagia mnyororo alizeti. Alipokuja kwangu mnyororo umeshika vumbi lote la Iramba, siafu wamepanga foleni, na mbuzi wawili wanaufuata wanaulamba. Akasema, "Mama, baiskeli yangu imekuwa nzito." Nikamwambia si nzito, baba, imeiva.

Kuna nesi mmoja alikuwa hana breki tangu aajiriwe, anasimamisha kwa kandambili. Nikamfungia breki mpya bila kumuuliza, nikijiona nimetenda wema. Kesho yake kaja anachechemea. "Bibi, umeniharibia! Mimi nashusha mguu, na yenyewe inasimama, sasa tunasimama wawili, naruka mimi!" Nikazifungua. Mteja akishazoea ubovu wake, mkaribie taratibu.

Halafu zikaja baiskeli za gia, hizi za milimani, za mtumba, matairi yana vipele kama mamba. Mzee Mpinga macho yalikuwa yameshapungua. Ya kwanza aliipapasa nyuma, akahesabu meno kwa kidole, akashangaa. "Hii... imeota meno... mpaka kisogoni." Lakini aliielewa kuliko wenye macho. Alinishika mkono akaniwekea kidole kwenye ule waya unaotoka kwenye usukani, unapita kwenye fremu, unakwenda mpaka kwenye mkono wa nyuma unaosukuma mnyororo kutoka jino hili kwenda jino lile. "Ukipotea... fuata waya." Kweli, sijawahi kupotea. Gia ikigoma navuta waya, naona nani anavutika mwisho wake. Ameshika kutu, namtia grisi. Amelegea, namkaza. Amekatika, namzika. Mzee alipokufa wake zake wote watatu waligombea shamba, beseni akaniachia mimi, na hakuna aliyeligombea.

Sasa tufike mnapopataka. Mmekaa vizuri?

Elia mnamjua, mwalimu wa kwaya hapa Kiomboi. Daudi mnamjua, anafanya biashara ya ng'ombe minadani, anakaa Kinampanda. Daudi kamuoa Rebeka, dada yake Elia, kwa hiyo hawa ni mashemeji, na shemeji kwa kawaida ni mtu wa kutaniana naye mpaka chakula kipoe. Hawa hawakusemeshana miaka. Sababu? Mbio za baiskeli. Elia alianguka kwenye kona, akasema Daudi kampiga kikumbo. Daudi akasema Elia aliangushwa na tumbo lake. Basi ikawa ndo hivyo. Wanakaa kwenye mkeka mmoja msibani, chumvi iko kwa Elia, Daudi anageuka kwa mkewe, "Mama Neema, mwambie kaka yako mboga haina chumvi." Elia naye, "Dada, mwambie mumeo chumvi ina miguu yake?" Rebeka katikati, kama waya wa gia, anavutwa huku, anavutwa kule.

Mngecheka, na sisi tulicheka, mpaka Neema alipopata mchumba. Neema binti wa Daudi na Rebeka. Kijana wa watu katuma wazee, wamekaribishwa, wamekula, wamefika kwenye neno, neno hakuna. Kwetu Wanyiramba baba anaweza kuwa na ng'ombe, na nyumba ya bati, na kitambi, lakini mjomba asipotamka, binti haondoki. Na mjomba ni Elia. Elia akasema, kwa ile sauti yake, yeye hata akiagiza soda anaimba, "Wapendwaaa, mimi sina kinyongo. Daudi aje abishe hodi kwangu, nitatamka." Daudi akasema, kwa sauti ya chini ya mnadani, kama anaficha bei, "Mimi hapa ndo nyumba ya harusi. Yeye ndo abishe. Hilo ndo la mwisho, sishuki." Wazee wa kijana wakarudi kwao. Wakaja tena, wakarudi tena. Kijana akaanza kuangaliwa na wasichana wengine, na Neema akawa anaosha sufuria kwa nguvu mpaka zinatoboka.

Rebeka akachoka. Akawaita wote wawili mbele ya mama yao, yaani Mama Elia, kikongwe anayekaa kwenye kigoda, haongei mpaka alazimike. Rebeka akasema, "Mligombana kwa baiskeli, malizeni kwa baiskeli. Kuna zile mbio za baada ya mavuno, Kiomboi mpaka Kinampanda. Atakayetangulia atakaa nyumbani kwake. Wa nyuma ndo atabisha hodi." Wakakubali haraka. Kila mmoja alikuwa anamwona mwenzake yuko nyuma.

Haikupita wiki akaja Elia kwangu, kafunga kitu kwenye kitenge cha mkewe. "Shikamoo Bibi." Marahaba. Akafungua. Kaenda Singida mjini, dukani kwa Bhai wa spea. Bhai kazaliwa pale pale mjini, anaongea Kinyaturu kuliko Wanyaturu, na hajawahi kukuuzia kitu ambacho si cha mwisho. "Mwalimu, hii ya mwisho, nakuambia mwisho, gia ya umeme, hakuna waya, unabonyeza kidogo tu, inapanda yenyewe, kule Ulaya wanapanda milima wanakunywa chai!" Ndani ya boksi kuna mkono wa nyuma wenye mota ndogo tumboni, betri kama kiberiti, na kitufe cha kufunga kwenye usukani, kina pa kubonyeza juu na pa kubonyeza chini. Elia akaninong'oneza, "Bibi, Daudi asijue. Niapie." Nikaapa.

Hajafika mbali, akaja Daudi. "Shikamoo Bibi. Nina jambo la watu wawili, mimi na wewe." Kafungua mfuko wa salufeti. Boksi lile lile. Bhai alikuwa na za mwisho mbili. "Elia asijue. Niapie." Nikaapa. Zawadi, na wewe ukiapishwa na wateja wawili kwa siku moja, fanya kama mimi, kaa katikati unywe chai.

Ya Elia nikaifungia uani, nyuma ya ukuta wa bati. Ya Daudi nikaifungia mbele, chini ya turubai. Kazi yenyewe si ngumu. Unatoa waya wa zamani wote, na kitufe cha zamani, na mkono wa zamani. Kabla ya kufunga mkono mpya unaangalia lile sikio la fremu unaponing'inia. La Daudi lilikuwa limepinda kwa kubebea mabua, nikalinyoosha kwanza, maana ukifunga kitu kipya kwenye sikio lililopinda nacho kitasikia kwa kupinda. Halafu kuna skrubu mbili ndogo za mpaka. Moja inazuia mnyororo usidondoke nje, nyingine usiingie kwenye spoku. Hizo zikaze kwa utulivu, robo kwa robo. Umeme hauna macho, ukiuachia utasukuma mnyororo mpaka Singida. Yote nikafanya. Likabaki moja: kukijulisha kitufe kwa mkono wake wa nyuma, kwa kuwa hawana waya wa kuwashikanisha. Unabonyeza huku taa inakonyeza, unabonyeza kule taa inaitika, ndoa imefungwa.

Hapo wakaninyang'anya. Elia akasema, "Bibi, hii imeandikwa Kiingereza, niachie mimi." Daudi akasema, "Bibi, nina video kwenye simu, hii inataka aliyeona." Haya. Na nikawaambia kila mmoja aje siku ya kuamkia mbio, mmoja asubuhi mmoja mchana. Wote wakaja asubuhi. Kwa wasiwasi tu.

Basi mimi nimesimama kwenye mlango wa banda. Mbele Daudi kachuchumaa, simu inaongea Kichina. Nyuma ya bati Elia kavaa miwani, anasoma karatasi kimoyomoyo kwa sauti ya tenor. Hakuna anayejua mwenzake yupo. Daudi akabonyeza, taa ikaanza kukonyeza. Nyuma ya bati nikaona ya Elia nayo inakonyeza. Kila mmoja akakimbilia kitufe chake. Tik! Taa zikatulia zote mbili. Daudi akainua gurudumu, akabonyeza. Elia naye akabonyeza. Wanabonyeza kwa pupa, tik tik tik, mbele na nyuma, minyororo inapanda inashuka. Mara Daudi katoa kidole kujikuna, na mnyororo wake umepanda peke yake. Akatabasamu. "Bibi, hii ina akili. Inajua ninachotaka kabla sijataka." Uani nako nikasikia, "Oooh, Bwana asifiwe, inanisoma moyo!"

Mimi ningesema nini? Nilikuwa nimeapa. Na kuwa mkweli, nilidhani ndo umeme ulivyo.

Siku ya mbio mimi nilipewa kazi ya fundi wa njiani, nimepakiwa kwenye bodaboda na beseni langu mapajani, nafuata nyuma yao. Filimbi ikalia. Vijana wengine wakaondoka na baiskeli zao. Hawa wawili wakatoka sambamba, kila mmoja anaangalia mbele kama mwenzake ni mti. Ikafika tambarare. Elia akaona ndo pa kumkimbia, akabonyeza gia nzito. Mara naona Daudi anasimama kwenye pedali, mishipa ya shingo imetoka, baiskeli imekuwa kama imefungwa kwenye nguzo. Daudi akabonyeza nyepesi, bonyeza bonyeza bonyeza. Loo! Miguu ya Elia ikaanza kuzunguka kama feni, brrrrr, na baiskeli haiendi. Amekaa palepale anatwanga hewa. Mimi kule nyuma machozi yananitoka, dereva wa bodaboda anasema, "Bibi usinicheke sikioni, tutaanguka."

Elia akatangulia kidogo, gia zikakata kabisa. Umbali ukizidi hazisikii. Akabonyeza mpaka kidole kikawa chekundu. Akapunguza, Daudi akamkuta, wote wanabonyeza ovyo juu chini, zikaamka tena, tik, za mwenzake. Na hapo ndo tumefika chini ya kile kilima cha kuingilia Kinampanda. Elia amebaki na gia nzito, anapanda kwa magoti. Daudi ana nyepesi kidogo lakini anaogopa kugusa chochote. Akagusa. Mnyororo wa Elia ukasema krrr-tik. Kumbe ile ndoa ya bandani ilifungwa kinyume, kitufe cha huyu na mkono wa nyuma wa yule.

Elia akaangalia chini. Akaangalia kidole cha Daudi. Daudi akakiangalia kidole chake mwenyewe kama cha mtu mwingine. Akageuka kwangu. "Bibi! Mwambie huyu..."

Nikamwambia, "Mwambie mwenyewe. Mimi nina vumbi mdomoni."

Kilima kinazidi kusimama. Elia anahema, jasho linadondoka kwenye usukani, halafu nikaisikia ile sauti, siyo ya kwaya, ya mtu tu: "Wewe. Bonyeza hicho."

"Kipi?"

"Hicho cha chini! Miguu inakatika!"

"Sema tafadhali."

"Daudi, nitakufa hapa!"

"Ukifa nani atamuoza Neema? Sema tafadhali."

"Tafadhali! Tafadhali, shemeji!"

Tik. Elia akapumua. Daudi naye akapiga hatua mbili akakwama. "Haya na mimi. Chini. Siyo huko! Unanipeleka wapi? Shusha!" "Nimeshusha." "Shusha tena, mtu wa Mungu!" Basi wakapanda hivyo, bega kwa bega, hakuna anayeweza kumwacha mwenzake maana akimwacha ameziacha gia zake. Katikati ya kilima Daudi kauliza, "Hivi yule kijana wa Neema unamwonaje?" Elia kasema, "Ana adabu, ila anaimba vibaya." Daudi kasema, "Mimi siozeshi koo." Elia akacheka mpaka akayumba, na Daudi akamshika bega asianguke. Nilikuwa nyuma yao hapo. Niliacha kucheka kidogo.

Mbele yao hakukuwa na mshindani hata mmoja, vijana wote walikuwa wameishia kwenye miiba na mawe. Aliyekuwa mbele ni Jumanne, muuza kuku, ana baiskeli nyeusi ya zamani isiyo na gia hata moja, tenga limejaa kuku, anawahi mnadani, wala hakuwa na habari ya mbio. Akavuka kamba. Mwenyekiti wa kijiji akapuliza filimbi, akinamama wakamvisha shada la alizeti, vigelegele. Yeye anauliza, "Mnachukua wangapi? Majogoo au matetea?"

Nyuma yake wakaingia Elia na Daudi. Sambamba. Gurudumu kwa gurudumu, mwenyekiti kainama mpaka kofia imedondoka, hakuona aliyetangulia. Na hapo ndo shetani akakumbuka kazi yake. "Tairi langu lina vipele virefu, limetangulia." "Limetangulia wapi? Kidole changu ndo kimekuleta!" "Mbio zirudiwe!" "Zirudiwe! Bibi azitenganishe hizi gia, jumapili ijayo turudie!" Wote wakanigeukia mimi, na mikono imenyooka. Neema amesimama pale na khanga mdomoni, wazee wa mchumba wameshaanza kutafuta fimbo zao waondoke kwa mara nyingine.

Nikaweka beseni chini. Nikawaambia, mimi hizi sizitenganishi. Mzee Mpinga aliniambia fuata waya, na hapa waya hakuna, siwezi kujua nani kamshika nani. Kuanzia leo mtamuona Zawadi. Na ndo hivyo niliacha, Zawadi, mbele ya kuku wa Jumanne. Kuna wanaosema nilifukuzwa. Waseme.

Hodi hakubisha mtu, wala mbio hazikurudiwa. Elia alitamka, Neema kaolewa, pilau nilikula, Elia aliongoza kwaya, na bwana harusi aliimba vibaya kweli. Na zile gia hadi leo hazijatenganishwa. Wakitaka kwenda mnadani wanatoka pamoja, unawasikia toka mbali, "Panda! Shuka! Nimesema shuka!" Lakini hayo yote yamekuja baada ya neno moja, na si la kwangu.

Pale walipokuwa wananipigia kelele, Mama Elia alikuwa kwenye kigoda chake, chini ya mwavuli. Akagonga fimbo. Daudi kumwona mama mkwe wake akavua kofia, macho chini. Elia akashusha mikono. Mwenyekiti akanyamaza, hata Jumanne akaziba tenga. Kikongwe akawaangalia, huyu, halafu huyu, akatema mate pembeni, akasema:

"Kumbe midomo mnayo."